Ng'ombe Waliopungua Uzito: Wapokewe au Wakataliwe?

Miezi mitatu minne kabla ya kuandama Mfunguo Tatu, wako wafugaji wa Unguja na Pemba, wengine mmoja mmoja na wengine katika vikundi vya ushirika, ambao huchangishana fedha na kumtuma mtu Bara akawanunulie ng'ombe. Si ng'ombe wa kuchinjwa kesho. Ni maksai na madume wa kutiwa zizini, wakatiwe majani, walishwe pumba za mpunga na mashudu ya nazi, na molasi ya Mahonda pale inapopatikana, mpaka wajae mwili na kuuzwa wakati wa Idi, ambapo mnyama mnene hupata bei nzuri kuliko siku nyingi nyingine za mwaka. Hiyo ni kazi njema. Visiwa vyetu havijajitosheleza kwa nyama, na kila kilo anayoiongeza mfugaji wa Mkokotoni au wa Wete kwa majani yake mwenyewe ni fedha inayobaki hapa badala ya kuvuka bahari.

Lakini iko saa moja katika kazi hiyo ambayo aghalabu hupuuzwa, nayo ni saa ya kupokea. Ng'ombe wamefika gatini. Hati ya mauzo inasema kila maksai ana kilo 250. Macho ya kila aliyepo yanasema sivyo. Nahodha anayaangalia maji, maana yakitoka chombo chake kitakaa mchangani. Karani ana kalamu mkononi akingojea saini. Wanyama wana kiu. Na mwenyekiti wa kikundi, ambaye fedha za wenzake ziko shingoni mwake, anatakiwa aseme neno moja tu: tumepokea, au hatukupokea. Tumelisikia neno hilo likisemwa kwa haraka mara nyingi, na tumewaona pia wanachama wakinuniana miezi miwili baadaye kwa sababu yake.

Wako wasemao kwamba ng'ombe ni ng'ombe, akila atanenepa, na kwa hiyo hapana haja ya maneno. Wako wengine, hasa katika maofisi yetu, wasemao kwamba mkataba ni mkataba, na ng'ombe yeyote aliye chini ya uzito uliotajwa arudishwe kwao. Sisi tunaona kwamba kauli zote mbili zinakimbia kazi. Uzito pungufu si jambo moja. Unazo sababu zake, na ni sababu hizo, wala si tarakimu peke yake, zinazopaswa kutuamulia.

Natuanze na safari. Maksai aliyenunuliwa mnadani Singida, Dodoma au Shinyanga hupakiwa lori mpaka Pugu, husimama huko, hupakiwa tena kuelekea pwani, akangojea chombo na vibali Bagamoyo, Pangani au Tanga, ndipo avushwe bahari ambayo hata pale ilipo nyembamba, baina ya Bara na Unguja, haipungui sana kilomita 40. Siku zote hizo hula na kunywa kwa bahati. Wataalamu wa mifugo wanatufahamisha kwamba ng'ombe akilala usiku mmoja tu bila ya majani na maji hupoteza kilo tatu au nne katika kila mia ya uzito wake, na kwamba safari ndefu yaweza kumpotezea kilo nane, hata kumi, katika kila mia. Sehemu kubwa ya upungufu wa mwanzo ni ya tumbo, yaani majani na maji yaliyokuwamo yamekwisha kutoka. Hiyo hurudi kwa siku chache akipata maji safi, majani makavu na kivuli. Safari ikizidi kuwa ndefu, mwili wenyewe huanza kutoa maji yake na nyama yake, na hapo kurudi kwake ni kwa majuma, si kwa siku.

Basi maksai aliyeandikwa kilo 250 na akapimwa gatini kilo 238 hakuibiwa na mtu. Mwenye kumkataa huyo anamdhulumu muuzaji, na atakuwa anamkataa kila ng'ombe aliyepata kuvuka bahari. Kinyume chake nacho kipo, na tusikifumbie macho. Uko ujanja wa kumlambisha ng'ombe chumvi nyingi, kisha kumwachia maji mbele ya mnunuzi au mbele ya mizani. Debe moja la maji lina uzito wa karibu kilo 20, na maksai mwenye kiu kali halishindwi. Mnunuzi akilipa kwa kilo, amenunua maji ya kisima kwa bei ya nyama. Kwa hiyo swali la kwanza la mpokeaji lisiwe ng'ombe huyu ana kilo ngapi sasa. Liwe: hizo kilo 250 zilizoandikwa zilipimwa wapi, saa ngapi, na mnyama alikuwa amekula na kunywa nini? Mara nyingi jawabu litakuwa kwamba hazikupimwa kabisa. Katika minada mingi bei hupatanwa kwa macho, na kilo 250 ni jicho la dalali lililotiwa katika karatasi.

Sisi tuliokaa chuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mambo haya mapema, ijapokuwa wakati huo hatukujua kwamba yangetufaa bandarini. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la wapunguzao vipimo. Katika vitabu vya fikihi imo pia mas-ala ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa bila ya kukamuliwa ili mnunuzi aone kiwele kimejaa. Mtume amempa mnunuzi wa namna hiyo hiari: akipenda abaki naye, na akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kuyakamua. Tuitazame vizuri hukumu hiyo. Aliyedanganywa amepewa haki ya kurudisha, lakini naye pia ametakiwa alipe alichokitumia. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameongeza kwamba mwenye kurudisha kwa ajili ya aibu aliyoiona arudishe papo hapo. Akichelewa pasipo udhuru, akaendelea kumtumia mnyama, haki yake imeanguka. Sheria za biashara tulizorithi kutoka kwa Waingereza nazo zinakwenda njia hiyo hiyo: mwenye kukaa na mali kwa muda uliopita kiasi bila ya kutoa taarifa ya kuikataa huhesabiwa amekwisha kuipokea. Ajabu ni kwamba vikundi vyetu, ambavyo wanachama wake wamezijua sheria hizi kwa pande zote mbili, hutia saini kwanza na kuanza kulalamika mwezi wa pili.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana malalamiko yasiyokuwa na hesabu hayamfikishi mtu popote. Tuchukue mfano. Kikundi kimenunua maksai 40 kwa mapatano ya kilo 250 kila mmoja, bei shilingi 5,000 kwa kilo ya mnyama aliye hai. Wamepimwa gatini, wastani wao umekuwa kilo 218. Upungufu ni kilo 32 kwa kila kichwa. Tukimsamehe muuzaji kilo tano katika kila mia kwa ajili ya safari, yaani kilo 12 na nusu, inabaki kilo 19 na nusu ambayo haina maelezo. Kwa vichwa 40 hizo ni kilo 780, nazo kwa bei ya mapatano ni shilingi 3,900,000. Hizo si fedha za kuachwa kwa haya au kwa kuogopa maji yasitoke.

Je, kuzirudisha kilo hizo kunagharimu nini? Zebu wetu akitunzwa na kulishwa vizuri aweza kuongeza kiasi cha nusu kilo na zaidi kidogo kwa siku. Tuseme gramu 600. Kilo 19 na nusu zitataka siku 33. Ikiwa chakula na matunzo ya ng'ombe mmoja ni shilingi 2,500 kwa siku, kila maksai atakula shilingi 82,500 mpaka afikie pale alipotakiwa awe siku ya kushuka. Muuzaji akikubali kupunguza bei ya kilo zilizokosekana, kikundi kimepunguziwa shilingi 97,500 kwa kichwa, na hakikupata hasara ya fedha. Huenda hata kikapata faida zaidi, kwa sababu mnyama mzima wa afya aliyekonda kwa njaa ya kiangazi, anapopata chakula kizuri, hukua kwa kasi kuliko mwenziwe aliyekuwa ameshiba tangu mwanzo. Wafugaji wa zamani wanalijua jambo hilo bila ya kufundishwa na mtu. Ndiyo maana hatuungi mkono kauli ya kumkataa kila mwembamba. Mwembamba aliyepunguzwa bei aweza kuwa ndiye biashara yenyewe.

Isipokuwa katika hesabu hiyo hatukuitia kalenda, na kalenda haikubali kupunguzwa bei. Ikiwa zimebaki siku 100 mpaka Idi, siku 33 ni theluthi ya msimu mzima. Maksai aliyetarajiwa kuuzwa akiwa na kilo 310 atauzwa akiwa na 290, au atauzwa baada ya sikukuu, wakati watu wamekwisha kula nyama na mifuko imekwisha kupumua. Zaidi ya hayo, ng'ombe wa udhia ana masharti yake. Hafai asiyetimiza miaka miwili. Hafai chongo wa dhahiri, wala kilema, wala mgonjwa, wala mdhoofu aliyekauka uboho mifupani. Watu saba wanaoshirikiana katika ng'ombe mmoja hawatazami bei tu. Watazama kama ibada yao itasihi. Kikundi kilichopokea madhaifu kikitumaini kwamba watanenepa kabla ya siku yenyewe kimecheza kamari kwa fedha za wanachama, hata kama hawakuiita hivyo.

Kwa hiyo tarehe nayo iingie katika uamuzi. Zikibaki siku 150, maksai wa kilo 218 mwenye afya apokewe kwa bei iliyopunguzwa bila ya wasiwasi. Zikibaki siku 60, huyo huyo asipokewe hata kwa bei hiyo, ila kama kikundi kina soko jingine baada ya sikukuu.

Tumesema mara mbili sasa, mwenye afya. Hapa ndipo mizani inaponyamaza, na lazima aulizwe bwana mifugo. Wako ng'ombe wepesi kwa sababu ni wadogo bado, na hao hujulikana kwa meno. Zebu huota jozi ya kwanza ya meno makubwa ya mbele anapofikia au kuupita kidogo mwaka wa pili, na jozi zote nne zikitimia ni mtu mzima wa miaka minne au mitano. Mwenye jozi moja, mifupa mirefu, mgongo mpana na mbavu zinazohesabika, huyo ana nafasi ya kujaa. Mwenye jozi nne na umbo la ndama alidumaa tangu utotoni, na mashudu yote ya kisiwa hiki hayatamrefusha.

Wako pia walio wepesi kwa maradhi, na hao ndio wenye hatari kubwa kuliko fedha. Manyoya yaliyosimama, kikohozi, machozi, ufizi mweupe, tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega: hizo si dalili za njaa ya njiani. Homa ya mapafu ya ng'ombe hukaa ndani kwa majuma, hata miezi, kabla ya kujionyesha. Ndigana kali huletwa na kupe, na ng'ombe aliyekulia katika nyanda kavu pasipokuwa na kupe hao akiletwa huku pwani bila ya kuogeshwa na kuangaliwa, hata akiwa mzima siku ya kushuka, aweza kuwa amelala chini juma la pili au la tatu. Nagana nayo hukondesha polepole. Unguja tumeondokana na mbung'o. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996, baada ya madume waliohasiwa kwa mionzi kuzalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba kisiwa kimesafika. Pemba haikuwa na mbung'o. Kazi ile iligharimu jasho la watu wengi na fedha nyingi, na si busara kuwaleta wenyewe kwa chombo wanyama wenye vijidudu vya maradhi yale yale, eti kwa kuwa walikuwa na bei rahisi. Nzi wetu wengine waumao waweza kueneza baadhi ya vijidudu hivyo hata pasipo mbung'o.

Mgonjwa, basi, hana hesabu ya kupunguziwa bei. Hapokewi, na asiingie zizini hata kwa usiku mmoja.

Lakini tukisema hapokewi, aende wapi? Hili ndilo jambo ambalo wakali wa mkataba hawalitaji. Ng'ombe si gunia la saruji la kuachwa gatini. Kumrudisha Bara mnyama aliyekwisha kudhoofika kwa safari ni kumfikisha mzoga, na mamlaka za upande wa pili zina haki ya kumkatalia asishuke. Chombo kimekwisha kupata shehena nyingine. Matokeo yake ni kwamba yule aliyekataliwa kwa maneno hupokewa kwa vitendo: anafungwa kwenye mnazi nyuma ya bandari, anapewa majani na mtoto wa jirani, na baada ya siku tatu hajulikani ni wa nani. Akifa, muuzaji anasema mlimpokea, na kikundi kinasema tulimkataa.

Sisi tunaona kwamba dawa ya tatizo hili ni kuuhamisha uamuzi. Mahali pa kukataa ng'ombe ni Bagamoyo, Pangani au Tanga, kabla hajapanda chombo, ambako muuzaji yupo, bwana mifugo yupo, na mnyama aweza kurudi malishoni kwa miguu yake. Mtu anayetumwa na kikundi asiwe mwenye mdomo mzuri wa kupatana bei tu. Awe amefundishwa kutazama meno, ufizi na tezi, na awe na utepe. Picha za simu anazowapelekea wenzake zinasaidia kuonyesha rangi na idadi. Hazionyeshi uzito, na mpiga picha hodari aweza kumnenepesha ng'ombe kwa kusogea karibu.

Pasipo na mizani utepe wa fundi cherehani unatosha kwa makadirio. Hupimwa mzunguko wa kifua nyuma ya mabega kwa sentimita, ukazidishwa wenyewe kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa urefu wa mwili tangu ncha ya bega mpaka mfupa wa tako, na jumla ikagawanywa kwa 10,840. Maksai mwenye kifua cha sentimita 145 na urefu wa sentimita 120 atakuwa na kiasi cha kilo 233. Kipimo hiki chaweza kukosea kwa kilo 10 au 20, lakini hakiwezi kukosea kwa 50, na dalali akiuona utepe mkononi lugha yake hubadilika.

Mapatano nayo yaandikwe kwa maneno yanayoweza kupimwa. Yaseme uzito ni wa asubuhi, kabla ya kunywa maji. Yaseme ni kilo ngapi katika kila mia zitakazosamehewa kwa safari, na kwamba zinazozidi zitakatwa katika bei. Yaseme uzito wa chini kabisa ambao ng'ombe akiwa chini yake hapandi chombo. Na sehemu ya bei, tuseme moja ya tano, isilipwe mpaka wanyama wamepimwa upande huu. Muuzaji mwaminifu hatayakataa masharti hayo, kwa kuwa yanamlinda naye dhidi ya mnunuzi mwenye kuvumbua upungufu baada ya kusikia kwamba bei imeshuka.

Upande wa Serikali, tunawaomba wahusika wa bandari na wa mifugo walitazame jambo la mizani. Tunapima karafuu kwa gramu, na mkulima wa karafuu hakubali kuuza hata pishi moja bila ya kuiona mizani ikitulia. Vipi mnyama mwenye thamani ya magunia kadhaa apite kwa macho? Mizani ya mifugo na kijizizi cha miti katika kila bandari inayoshusha ng'ombe, Unguja na Pemba, si mradi wa kungojea wafadhili. Masheha na viongozi wa Chama katika maeneo hayo wanaweza kuanza kwa kuhakikisha tu kwamba hakuna kikundi kinachotia saini hati ya kupokea kabla ya kuhesabu, kupima na kumwita bwana mifugo.

Na ikitokea, baada ya yote hayo, kwamba wameshuka ng'ombe wa kutiliwa shaka, karani asiandike neno tumepokea peke yake. Aandike kwamba wameshushwa vichwa kadhaa, uzito uliopimwa ni kadhaa, kwamba wako katika uangalizi wa bwana mifugo mpaka zipite siku za karantini atakazoziweka, na kwamba haki ya kuwakataa imebaki. Nakala moja apewe nahodha ampelekee muuzaji siku hiyo hiyo. Wanyama hao wafungwe mbali na wa zamani, wapewe maji kidogo kidogo na majani makavu, wapimwe tena siku ya saba. Waliorudisha kilo zao wahesabiwe kwa bei iliyopatanwa, waliorudisha nusu kwa bei iliyopunguzwa, na wasiorudisha kitu wabaki kuwa mali ya muuzaji, atume mtu kuwauza au kuwachinja kwa idhini ya daktari wa mifugo. Gharama ya majani na maji ya siku hizo kwa wale waliokataliwa iandikwe kwa jina lake tangu saa waliposhuka katika mizani.